Orodha Iliyoishia Ishirini na Nane

Mkunya, Newala
9 Juni, 1957

Kwako Mjomba Bartholomayo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu umekupa nafasi ya kutembea. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujambo kidogo tu. Mihogo imekubali mwaka huu, makopa yamejaa darini mpaka panya wamenenepa. Mbaazi zimeharibiwa na wadudu. Jirani yangu Sikuzani, yule Mama Lukmani aliyetupikia siku za msiba, ana mimba nyingine na anakusalimia sana. Anasema hajasahau ulivyomgombeza kwa chumvi.

Najua tangu arobaini ya marehemu mume wangu Gervas hatujaandikiana, na huu ni mwaka wa pili. Mimi sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira. Wewe hukuandika kwa sababu wewe ni wewe. Basi tuyaache, nina shida.

Unalikumbuka tangi la Gervas, lile la saruji alilojenga aliporudi kutoka mkonge. Maji ya mvua yanateremka kutoka kwenye bati la nyumba na kuingia humo, na masika haya lilijaa mpaka mdomoni. Kiangazi wanawake wa hapa huja kuteka kwangu badala ya kushuka bondeni, kwa maana bondeni ni saa mbili kwenda na saa tatu kupanda na mtungi kichwani. Mwenye senti tano hutoa, asiye nayo huleta kikombe cha unga. Ndivyo ninavyoishi.

Wiki iliyopita akaja karani mpya wa leseni, kijana anaitwa Sadallah, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Akasema sheria imebadilika: kila anayepokea malipo awe na leseni, na kila leseni iwe na namba ya kazi. Akaniuliza, "Mama, kazi yako ni namba ngapi?" Nikamjibu kazi yangu ni maji. Akasema maji si namba. Akatia kufuli kwenye mfuniko wa tangi, kufuli kubwa kama la ghala la korosho, akaenda zake na ufunguo.

Orodha ya namba imebandikwa ukutani ofisini kwake, lakini mchwa wameila kuanzia ishirini kwenda chini. Hizo za juu hazinitaji. Nikamwambia, basi wewe karani nichagulie. Akasema kazi yake ni kukubali au kukataa, kuchagua ni juu ya mwombaji. Haya, nichague ipi, na kwa macho gani?

Ndipo nikakukumbuka. Miaka ishirini na miwili ulikaa ofisi ya leseni, na marehemu mama alikuwa hachoki kuwaambia watu kwamba orodha hiyo ya Kiswahili imeandikwa na kaka yake. Naomba uninakilie yote, ya kwanza mpaka ya mwisho, uniambie mimi ni namba ngapi.

Ni mimi mpwa wako,
Ethel


Chiwata, Masasi
30 Juni, 1957

YAH: NAMBA YA KAZI

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 9 imenifikia tarehe 23, kwa sababu Stefano wa lori aliikalia. Sisemi kwa mfano, aliikalia kweli, ilikuwa chini ya kiti chake.

Mimi sijambo. Mguu uko palepale. Kuku wamekuwa kumi na mmoja, jogoo mmoja ni mkorofi. Kaburi la mke wangu Anjelina nimelipalilia siku ya Pentekoste na kulipaka chokaa. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja lakini najimudu, chumba cha mbele nakaa, cha nyuma nakitazama.

Sasa tuingie kwenye shauri. Huyo Sadallah hakufundishwa. Zama zetu orodha ilikaa ndani ya kioo, na mchwa alikuwa haingii ofisini bila kubisha hodi. Nakuambatishia orodha nzima niliyoinakili kwa mkono wangu.

Nimeitafakari hali yako kwa muda wa kutosha. Namba yako ni 7, *Mkulima auzaye mazao ya shamba lake mwenyewe*. Mvua imeangukia nyumba yako, nyumba imo shambani mwako, kwa hiyo maji yale ni mazao. Tena namba hiyo haina ada.

Kwenye fomu, palipoandikwa "Idadi ya wafanyakazi", andika: Hakuna. Usipaache wazi. Nafasi iliyoachwa wazi humtia karani wasiwasi.

Ukijibiwa, niandikie mara moja, neno kwa neno kama alivyosema.

Mjomba wako,
Bartholomayo


Mkunya
21 Julai, 1957

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, Mama Lukmani mzima na tumbo limeanza kumtangulia. Jamaa wengine huku wote wanakusalimu. Upepo wa kipupwe mwaka huu umekuja na vumbi, mtu ukipiga mswaki unatafuna mchanga.

Nilikwenda ofisini na fomu yako ya namba 7. Umeniambia neno kwa neno, basi haya. Sadallah alisoma, akasoma tena, akainua kichwa akaniuliza: "Mama, mvua umeipanda lini?" Watu wote ofisini wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, mjomba, mpaka nilipofika nje.

Lakini nikuambie kilichoniuma zaidi. Si kukataliwa. Ni kuandika lile neno Hakuna kwa mkono wangu. Kalamu ilikuwa nzito.

Wewe huijui asubuhi ya hapa ilivyokuwa. Jua likichomoza uani kwangu wameshajaa. Wanagombania zamu, wanawasema waume zao, huyu ananyonyesha, yule anamtafuta mtoto aliyekimbilia kwenye mihogo. Mimi nimeshika kata yangu ya kibuyu, nawagawia na kuwaamua. Mtu akiwa na msiba nimeujua, akiwa na ugomvi nimeujua. Sikuzaa, Gervas kaondoka, ila uani kwangu palikuwa na watu. Sasa kufuli limekaa, hakuna anayepita. Nafagia kila siku, na kila siku nakuta alama za ufagio wangu wa jana, hakuna nyayo juu yake. Si senti tano ninazozililia.

Maji ya kunywa nayafuata bondeni kama wenzangu. Mimi mwenye tangi! Wao wana magoti mapya, wanaondoka kabla ya jogoo na kwenda mbio. Mimi nikifika chini wao wanapanda, tunapishana njiani, "pole Mama", "asante". Nabebea ule mtungi mweusi wa mama, wenye alama za kucha shingoni.

Nichagulie namba nyingine.

Ethel


Chiwata
18 Agosti, 1957

YAH: NAMBA YA KAZI (MARA YA PILI)

Mpwa wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mambo.

Ile barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya nne nilikuwa natafuta makosa ya herufi, nayo ni matatu tu, umejitahidi. Lile la "mvua umeipanda lini" nililisoma kwa sauti hapa barazani, kuku wakainua vichwa. Nilicheka peke yangu, jambo lisilopendeza kwa mtu wa umri wangu. Huyo kijana mjinga lakini ana ulimi.

Kwaya imepata mwalimu mpya, anawaimbisha haraka mno. Ming'oko, vile viazi vya porini, imeanza kuuzwa sokoni Lisekese, nilichemsha siku mbili mfululizo, siku ya tatu nikachoka kula chakula ambacho hakuna wa kukisifia.

Turudi kwenye shauri. Mkulima amekataliwa, haidhuru. Jaribu namba 12, *Muuzaji wa vinywaji visivyolevya*. Maji yananywewa, wala hayalevyi, hawezi kubisha. Ada yake ni kubwa kidogo lakini heshima yake pia ni kubwa.

Huo mtungi wa dada yangu ushike kwa mikono miwili. Nilikuwa nikitoka shule nanywea humo, na alikuwa haniruhusu kushika kata mpaka nimwambie nimejifunza nini siku ile. Niandikie atakachosema karani. Niandikie na habari nyingine, hata zisizohusu namba.

Mjomba wako,
Bartholomayo


Mkunya
8 Septemba, 1957

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima. Mikorosho imechanua vizuri, harufu yake mpaka ndani ya nyumba. Mama Lukmani anasema akizaa mvulana atampa jina lako ili apate mtu wa kumgombeza.

Namba 12 yako imeniletea balaa. Sadallah akasema, vinywaji? Basi hilo ni la Bwana Afya. Bwana Afya akaja na baiskeli, akauliza meza iko wapi, bilauri ziko wapi, choo cha wateja kiko wapi. Nikamwonyesha kata. Akaandika kitu kirefu. Kisha akapiga tangi kwa kidole, akauliza maji yamelala humo tangu lini. Nikasema tangu mlipoyafunga. Akasema maji yaliyolala ni nyumba ya mbu: nisipopata leseni mpaka tarehe 30 Novemba, watafungua mfuniko na kuyamwaga yote.

Yamwagwe, mjomba! Mwezi wa kumi na moja, uwanda huu mkavu, watu wanaramba midomo, tangi zima limwagwe chini! Na mimi nikikosa tangi hilo sina kazi nyingine, wala sina sababu ya mtu yeyote kuingia uani kwangu.

Nakuomba jambo. Njoo. Vaa lile koti lako, weka miwani, ukae mbele ya Sadallah nusu saa tu, atatetemeka. Najua ulichosema siku ya arobaini nilipokataa kuhama nawe. Ulisimama pale mlangoni mbele ya watu. Nami nakumbuka nilichojibu, kilikuwa kibaya. Lakini njoo.

Halafu nimeona kitu kwenye orodha yako. Mistari umeipiga kwa rula. Ya mwisho ni 28, *Fundi wa saa na miwani*. Chini yake kuna mstari mmoja mtupu. Wewe usiyeacha nafasi wazi! Ni nini?

Ethel


Chiwata
6 Oktoba, 1957

YAH: NAMBA YA KAZI (MARA YA TATU)

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba. Nimesikitika sana kuhusu Bwana Afya. Hapa mabibo yameanza kudondoka, watoto wanapita wakiwa na madoa mpaka vifuani. Mguu umekuwa mzito. Jogoo mkorofi nimemla, sasa pamekuwa kimya kuliko nilivyotaka.

Mstari mtupu ni karatasi tu. Ilikuwa ndefu kuliko orodha.

Kuhusu kuja. Nilisema mbele ya watu, na waliokuwepo wako hai: "Mimi mjomba wako sitaukanyaga ua huu tena mpaka wewe uje kwangu Chiwata." Mtu aliyefanya kazi ya ofisi haandiki neno asubuhi akalifuta jioni. Nisingependa kuonekana kigeugeu kwa watu wa Mkunya. Lakini chumba cha nyuma kipo. Nimekipaka chokaa. Ukiona mambo yamekuwa mazito, si lazima uendelee kupambana na namba, mpwa wangu. Sisi watu wa huku mtoto ni wa mjomba, hakuna atakayekushangaa ukirudi.

Kwa sasa jaribu namba 19, *Mchukuzi wa mizigo kwa malipo*. Eleza kwamba unawaondolea wanawake safari ya bondeni, ni sawa na kubeba mzigo. Ni hoja nzuri, nilifurahi nilipoipata.

Mwambie Mama Lukmani jina langu ni refu kwa mtoto mchanga.

Mjomba wako,
Bartholomayo


Mkunya
27 Oktoba, 1957

Mjomba,

Shikamoo.

Namba 19 imekataliwa. Aliniuliza gari langu liko wapi. Safari hii sikucheka.

Siku ya Jumanne nilikuwa napanda kutoka bondeni, pale kwenye kona ya mawe, kokoto ikatoka chini ya mguu. Mtungi wa mama umevunjika. Nilikaa pale nimelowa, natazama maji yanavyonywewa na vumbi, nikalia kwa sauti, hapakuwa na mtu wa kunisikia. Vipande nimevikusanya kwenye kanga nikapanda navyo, sijui vya nini. Kifundo cha mguu kimevimba, nakanyagia kisigino.

Anayeniletea maji sasa ni Mama Lukmani. Anakwenda bondeni mara mbili, ya kwake na ya kwangu, na tumbo lile. Namkataza, hasikii. Anapita mbele ya tangi langu lililojaa, anatua mtungi, anakwenda tena.

Zimebaki siku thelathini na nne. Sina la kuuliza zaidi. Usihangaike tena, umekwisha fanya uliloweza.

Ethel


Chiwata
3 Novemba, 1957

Ethel,

Stefano kaniletea barua yako juzi mkononi. Nimempa kuku wawili ili hii ikufikie kabla ya Jumapili, na nimemwambia akiikalia nitamlaani.

Namba yako ni 29.

*29. Kazi nyingine yoyote yenye manufaa kwa watu, isiyotajwa hapo juu.* Ada ni nusu ya ile ya duka. Nakuambatishia karatasi yenyewe ya chapa, ile ya asili, nimekuwa nayo sandukuni muda wote. Mwonyeshe Sadallah. Hataweza kukataa, hakuna hoja ya kukataa. Maneno hayo niliyatunga mimi mwenyewe mwaka 1949, kwa ajili ya watu kama wewe ambao hawaingii kwenye mistari. Niliyaonea fahari.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilijua kabla sijavua miwani. Siku nilipokuwa nanakili orodha yako nilifika 28, nikapiga mstari wa 29 kwa rula, nikachovya kalamu, nikasita. Niliwaza: nikiujaza mstari huu, Ethel atapata leseni yake wiki ijayo, ataandika asante, kisha atanyamaza miaka miwili mingine. Nikaiweka kalamu chini.

Tangu Anjelina afe, hakuna aliyeniandikia ila wewe. Na wewe uliniandikia kwa sababu ya shida. Nikaona shida hiyo ikae kidogo, barua moja zaidi, mbili zaidi. Nilizikosea namba zile kwa uangalifu, Ethel. Nilikuwa nachagua zile ambazo zingemfanya karani akujibu kitu cha kusimulia. Siku za lori nilikuwa nanyoa ndevu. Na niseme na hili pia, maana nimeanza: ulipoandika kwamba watayamwaga maji, sehemu yangu moja ilifurahi, nikaenda kununua chokaa ya chumba cha nyuma.

Sikuwaza kuhusu bondeni. Ulikuwa umeniandikia mwezi wa saba kwamba unashuka, nikaisoma mara nne nikitafuta makosa ya herufi. Na huyo mama mjamzito. Na mtungi. Dada yangu angekuwa hai asingenipa tena maji ya kunywa, na angekuwa na haki.

Nenda ofisini leo hiihii, au mtume mtu. Usipoteze muda kunijibu.

Bartholomayo


Chiwata
24 Novemba, 1957

Ethel,

Sikuandika YAH kwa sababu sijui barua hii inahusu nini.

Stefano amepita mara tatu na kila mara ananionyesha mikono mitupu kutoka dirishani, kabla sijauliza. Nilikuambia usinijibu, nawe umetii, sina haki ya kulalamika.

Naomba kujua jambo moja tu. Kufuli limetoka? Siku zimebaki sita. Kama halijatoka mwambie Stefano kwa mdomo, nitakwenda kwa wakubwa huko Lindi mwenyewe, kwa mguu huuhuu. Kama limetoka, basi, mwambie aniambie "limetoka", nami nitaridhika.

B.


Mkunya
8 Desemba, 1957

Mjomba,

Shikamoo. Neno hilo nimeliandika mwisho, baada ya kumaliza barua yote, kwenye nafasi niliyokuwa nimeiacha wazi.

Limetoka. Sadallah alitazama karatasi yako ya chapa, akapitisha kidole mpaka 29, akasoma kwa sauti. Kisha akasema aliyeandika haya alikuwa mtu wa maana. Tarehe 19 Novemba alikuja mwenyewe na ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, akalipiga jiwe. Wanawake walikuwa wameshapanga mitungi toka mlangoni mpaka kwenye mihogo, sijui nani aliwaambia. Mama Lukmani alikuwa wa kwanza. Siku nne baadaye amejifungua, msichana, na ameogeshwa kwa maji ya tangi letu. Umesalimika na jina.

Sasa nisikilize. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nilitaka kupanda lori nije nikutukane mbele ya kuku wako. Miezi mitano, mjomba! Nilikaa nimelowa kwenye ile kona ya mawe, na namba iko ndani ya sanduku lako! Ndiyo maana sikukujibu. Si kwamba nilitii, mimi lini nilikutii? Nilinyamaza makusudi, wiki tano, ili nawe ufagie ua usio na nyayo uone ulivyo.

Lakini kuna jambo sikukuambia. Mwezi wa sita, siku ile ya kufuli, Sadallah aliniambia orodha nzima ipo Lindi, ni safari ya siku mbili kwa lori, nikitaka anipe barua ya kwendea. Nikamwambia sihitaji kwenda Lindi, mimi nina mjomba.

Basi hilo limekuwa kichwani mwangu wiki zote hizi. Nimelikasirikia na limekataa kutoka.

Siku ya kujaza fomu ya 29 nikafika tena pale penye "Idadi ya wafanyakazi". Nikakumbuka ulivyoniagiza. Nikashika kalamu muda mrefu mpaka Sadallah akakohoa. Nikaandika: Mmoja. Chini yake kuna jina, nikaandika Bartholomayo. Kuna kazi, nikaandika, kushika zamu za watekaji na kuandika barua za watu. Sadallah akauliza, "Yuko wapi huyo?" Nikamwambia yuko njiani, mguu wake si mzuri. Akagonga muhuri. Ametaka mfanyakazi afike mbele yake tarehe 6 Januari kutia sahihi. Asipofika, nimeandika uongo kwenye fomu, na leseni inafutwa. Wewe unaijua sheria kuliko mimi, niambie kama kuna njia ya kulikwepa. Mimi nimetafuta, hamna.

Kuhusu kiapo. Nimekirudia neno kwa neno, kama ulivyonizoesha. Ulisema, "Mimi mjomba wako sitaukanyaga ua huu." Mfanyakazi hakutajwa popote. Basi mjomba na abaki huko Chiwata na kiapo chake, watu wa Mkunya hawatamwona kigeugeu. Huyu mwingine apande lori la Stefano mara tu baada ya Noeli, aje na kalamu, koti, miwani na kuku waliobaki. Chumba kipo, hakikupakwa chokaa. Wanawake nimekwisha waambia anakuja mzee mkali wa kusimamia zamu, wameanza kumcheka kabla hawajamwona.

Vipande vya mtungi wa mama viko kwenye kanga, nyuma ya mlango. Hilo tutalizungumza ukifika, na sitalizungumza kwa sauti ndogo. Kisha nitakuchotea maji unywe, na nitakuuliza umejifunza nini kabla sijakupa kata.

Mwajiri wako,
Ethel